Sekunde tisa za kimya kwenye dirisha la mizigo

Kijana wa miaka 26, fundi simu mwenye meza yake jirani na Soko la Majengo, anafika stendi kuu ya mabasi Nzuguni, Dodoma, saa tano asubuhi kufuata mzigo. Ni boksi dogo la vioo vya simu alivyoagiza Kariakoo. Aliyemtumia ameandika juu ya boksi jina la mpokeaji na namba yake ya simu kwa kalamu nene, amelipia usafiri, kisha amemtumia kijana ujumbe wenye namba ya basi. Kilichobaki ni kusimama dirishani, kutaja jina, kusaini daftari na kuondoka. Ni kazi ya dakika moja.

Kijana ana kigugumizi tangu akiwa na miaka minne. Kisa chenyewe ni cha mfano. Tumekishona kutokana na mambo ambayo wenye kigugumizi hukutana nayo mara kwa mara kwenye madirisha ya aina hii, na hatukuweka ndani yake mtu mbaya hata mmoja. Karani ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, makini na kazi yake. Nyuma ya kijana kuna foleni ya watu sita, akiwemo mama mwenye mtoto wa miaka kama mitano. Nje wapiga debe wanaita abiria wa Singida na Iringa, na injini zinaunguruma.

Karani anasema, "Enhe, kijana." Kijana alikuwa ameitayarisha shikamoo tangu akiwa mtu wa tatu kwenye foleni. Dakika ya mwisho anahisi kwamba ile "sh" itamkamata, anaibadilisha: "Habari za kazi." Karani anamtazama kidogo, anajibu "Salama" kwa sauti iliyopoa. Kijana anaendelea: "Nimefuata m-m-mzigo, umetoka Dar jana." Hapo hakuna anayeshtuka.

"Jina?"

Jina lake linaanza na B. Midomo inagusana na haiachani. Hewa haitoki, sauti haitoki, macho yamefumba, kidevu kinatikisika mara mbili. Sekunde 4. Anaachia, anavuta pumzi, anajaribu kupitia njia nyingine: "Naitwa..." na midomo inajifunga palepale. Sekunde 5. Kabla hazijaisha karani anauliza, "Umesahau jina lako?" Watu wawili wanacheka. Mwanamume mmoja nyuma anasema, "Taja tu kaka, usiogope." Mama anaona vibaya kwa niaba yake, anajaribu kumwokoa: "Baraka? Bahati?"

Kijana anaitikia kwa kichwa. Bahati si jina lake.

Karani anapekua mizigo ya Dar. Hakuna wa Bahati. Sasa uso wake umebadilika kabisa. Kijana anatoa simu aonyeshe ujumbe, karani anamwambia simu zinaokotwa. Anaonyesha kwa kidole boksi analoliona kwenye rafu, na hilo linamtia karani wasiwasi zaidi. Mwishowe yule mwanamume wa nyuma anasema, "Si upige hiyo namba iliyoandikwa?" Karani anapiga, simu inaita mkononi mwa kijana. Anakabidhiwa mzigo, anasaini, anapewa na neno la kuondokea: "Siku nyingine usiwe na wasiwasi hivyo, unatutia mashaka." Tangu "Enhe, kijana" hadi hapo zimepita dakika sita. Kimya chenyewe kilikuwa cha sekunde 9.

Salamu iliyobadilishwa

Wengi wakisimuliwa kisa hiki huanza kukichambua kwenye jina. Mambo yaliharibika kabla ya hapo, kwenye salamu.

Kijana kumwambia mtu wa umri wa baba yake "habari za kazi" bila shikamoo ni jambo linalosikika mara moja. Karani hakuhitaji kulifikiria. Alilipokea kama upungufu wa adabu na akalijibu kwa kupoa. Hakuna namna ya yeye kujua kwamba shikamoo ilikuwepo, ilikuwa tayari mdomoni, na ilitupwa kwa sababu sauti yake ya kwanza ilikuwa inakwama. Mwenye kigugumizi aliyezoea kujificha hufanya hivi mara nyingi kwa siku: huona neno gumu likija, hulikwepa, huweka jirani yake. Anataka soda fulani, anaagiza nyingine ambayo jina lake linatoka. Anataka kushuka kituo hiki, neno "shusha" linakataa, daladala inapita, anashuka kituo kinachofuata na kurudi kwa miguu.

Kukwepa huku hufaulu kuficha kigugumizi, na gharama yake ni kwamba msikilizaji anapewa kitu kingine cha kutafsiri. Badala ya kusikia mtu anayekwama, anasikia mtu asiye na adabu, asiye na msimamo, au anayezungumza kwa mafumbo. Na katika Kiswahili, maneno yasiyo na mbadala ndiyo yale yale yanayobeba heshima: shikamoo, marahaba, hodi, pole, jina la mtu na jina la baba yake. Ukilibadilisha neno "mzigo" kuwa "boksi" hakuna anayejali. Ukiibadilisha shikamoo umeshahukumiwa.

Karani, basi, alifika kwenye swali la jina akiwa tayari na nusu ya maoni yake.

"M-m-mzigo" ilipita, kimya hakikupita

Kigugumizi kina sura tatu kuu. Kuna kurudiarudia sauti au silabi, kama kwenye "m-m-mzigo". Kuna kuvuta sauti, "sssamaki". Na kuna kukwama kimya: viungo vya usemi vinafunga, ama midomoni, ama kwenye ulimi, ama kooni, na hakuna kinachosikika. Mara nyingi hutokea mwanzoni mwa neno au mwanzoni mwa sentensi. Juu ya hizo tatu huja mambo ambayo mtu amejifunza miaka mingi akijaribu kujinasua: kufumba macho, kutikisa kichwa, kupiga mguu chini, kukunja ngumi, kuweka "yaani" na "ile" kabla ya neno gumu.

Wasikilizaji wa kawaida wanaifahamu sura ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo inayoigizwa kwenye vichekesho. Ile "m-m-mzigo" ilikuwa kigugumizi kinachosikika, kifupi, na masikio ya kila mtu yaliipitisha. Kilichokuja baadaye kilikuwa kigugumizi kizito zaidi, lakini hakikuwa na sauti, kwa hiyo hakuna aliyekitambua. Hilo ndilo tungependa msomaji alishike kuliko mengine yote: watu hawa hawakumhukumu kijana kwa kigugumizi chake. Walimhukumu kwa kimya chake, kwa kuwa hawakujua kwamba kimya nacho ni kigugumizi.

Na kimya kina uzito mkubwa kuliko tunavyodhani. Katika mazungumzo, watu hupokezana zamu kwa haraka ya ajabu. Utafiti wa mwaka 2009 uliolinganisha lugha 10 za mabara mbalimbali, kuanzia Kijapani hadi lugha moja ya wawindaji wa Namibia, ulikuta kwamba muda wa kawaida kati ya swali na jibu ni takriban moja ya tano ya sekunde. Tofauti kati ya lugha na lugha ni ndogo. Jibu likichelewa hata sekunde moja, msikilizaji huanza kuhisi kuna jambo: hajaelewa, hataki, anatafuta cha kusema. Sasa chukua swali ambalo jibu lake halihitaji kufikiri kabisa, yaani jina la mtu mwenyewe, uliweke mbele ya sekunde 4. Karani hakuwa mkali kuliko watu wengine. Saa yake ya ndani ilikuwa inafanya kazi kama ya kila mmoja wetu.

Kwa nini jina lenyewe? Watu wengi wenye kigugumizi watakwambia jina lao ndilo neno gumu kuliko yote, na sababu zinaeleweka. Halibadilishiki. Huulizwa na wageni, mara nyingi wenye mamlaka ya kukubali au kukataa. Huja peke yake mwanzoni mwa jibu, mahali ambapo kukwama hutokea zaidi. Na limeshawahi kukwama mara mia kabla, kwa hiyo mtu huliona likija kutoka mbali. Hata mbinu ya kuanza na "naitwa" haikumsaidia kijana; ilisogeza tu mahali pa kukwama.

Neno lenyewe limeshachafuliwa

Fungua ukurasa wa siasa wa gazeti lolote la Kiswahili na baada ya siku chache utakutana nalo: waziri apata kigugumizi, mkurugenzi apata kigugumizi kueleza zilikokwenda fedha, shahidi apata kigugumizi mahakamani. Dodoma, mji wa Bunge, matumizi haya yako mitaani kila siku. Wala hakuna anayemaanisha kwamba waziri ana tatizo la usemi. Maana yake ni kwamba aliulizwa, hakuwa na jibu la kweli, akababaika.

Tamathali hiyo imekaa kwenye lugha kwa muda mrefu na imefanya kazi yake. Inamfundisha kila msomaji kwamba kukwama mbele ya swali ni dalili ya kuficha. Kwa hiyo hata kama mtu katika foleni ile angenong'ona "ana kigugumizi", bado neno lenyewe lingebeba maana mbili, na ile ya pili ndiyo iliyokuwa kichwani mwa karani. Hatudhani magazeti yataacha neno hili kesho. Lakini mwandishi mwenye "kusita", "kubabaika", "kukwepa swali" na "kukosa jibu" mfukoni hana shida ya maneno.

Msikilizaji humpima mwenzake kwa rula yake

Kuna sababu nyingine iliyo ya kina zaidi, na imechunguzwa tangu miaka ya 1970 na 1980 huko Marekani na kwingineko. Watu wanapoombwa kumweleza mwenye kigugumizi wasiyemjua, sifa zinazorudi ni zile zile: mwoga, mwenye aibu, mwenye wasiwasi, asiyejiamini. Sifa hizo hutoka hata kwa watu ambao hawajawahi kuishi na mwenye kigugumizi. Zinatoka wapi?

Maelezo yanayoshika zaidi ni haya. Kila mtu asiye na kigugumizi ameshawahi kujikanyaga katika kusema. Alijikanyaga alipoitwa mbele ya ukoo aseme neno, alipoulizwa na mzazi alikolala jana, aliposimamishwa na trafiki bila leseni. Anakumbuka alivyojisikia siku hiyo: hofu, aibu, uongo. Anapomwona mwingine anakwama, anachukua kumbukumbu yake mwenyewe na kumvisha. "Mimi nikikwama huwa naogopa, huyu amekwama, basi anaogopa." Ni hesabu ya haraka, na kwa mwenye kigugumizi haina ukweli.

Kwa maana kigugumizi hakitokani na woga. Huanza mara nyingi kati ya miaka 2 na 5, wakati mtoto anaanza kuunga sentensi. Takriban watoto 5 kati ya 100 hukipitia, wengi wao huachana nacho, na hubaki kama mtu mzima 1 kati ya 100. Wanaume wenye kigugumizi huwazidi wanawake kama mara nne. Hutembea katika familia: mwaka 2010 watafiti waliofuatilia familia za Pakistani walitambua jeni zinazohusika, na mwaka 2015 ikatambuliwa nyingine kupitia familia moja kubwa ya Kameruni. Picha za ubongo zinaonyesha tofauti katika njia za upande wa kushoto zinazopanga na kuratibu mwendo wa usemi. Neno linajulikana, limechaguliwa, liko tayari. Kinachoshindwa kwenda kwa wakati ni amri ya kulianzisha. Wasiwasi unaweza kukizidisha siku fulani, kama unavyozidisha mkono unaotetemeka, lakini haukukizaa.

Kwa mkoa kama Dodoma, uliohesabiwa watu zaidi ya milioni 3 katika sensa ya 2022, hesabu ya juu juu inatoa makumi ya maelfu ya watu. Karani wa dirisha la stendi hukutana nao kila wiki bila kujua.

Hapo ndipo ushauri wa "usiogope" unapoumiza ingawa umetolewa kwa nia njema. Unamwambia kijana kwamba foleni nzima imeshakubaliana kuwa yeye ni mwoga. Na "tulia", "vuta pumzi", "sema taratibu" viko kwenye kapu hilo hilo. Vinamwongezea kazi ya pili, ya kuonekana ametulia, juu ya kazi ya kwanza ya kutoa neno. Zaidi ya hayo, alishavuta pumzi. Pumzi haikuwa tatizo; mlango ulikuwa umefungwa.

Tumtendee haki karani pia. Mizigo huibiwa stendi, na mtu anayekubali jina moja na kuonyesha boksi lenye jina jingine ni mtu wa kuhojiwa. Wajibu wa kuhakiki ulikuwa wake. Kosa lilikuwa kwenye kipimo alichotumia. Tathmini ya mwaka 2006 iliyojumlisha tafiti nyingi za uwezo wa watu kutambua uongo ilikuta kwamba kwa wastani hupatia asilimia 54, wakati kurusha shilingi kungewapa 50. Kusitasita ni mojawapo ya dalili ambazo watu huziamini sana na ambazo hazifai kuaminiwa. Kwenye boksi kulikuwa na namba ya simu. Kipimo kizuri kilikuwa mkononi mwa karani tangu mwanzo, na aliyekiona alikuwa mtu wa foleni.

Msaada wa mama

Mama aliyesema "Baraka? Bahati?" ndiye aliyekuwa na huruma kuliko wote dirishani, na msaada wake ndio uliozaa tuhuma halisi. Inafaa kuelewa namna gani.

Mtu aliye katikati ya kukwama kwa sekunde kadhaa, huku watu wanacheka, anatafuta mlango wowote wa kutokea. Ukimpa neno, hata lisilo sahihi, yeye huona njia ya kusimamisha mateso sasa hivi na kulipa gharama baadaye. Ndiyo maana wapo wanaokubali jina lisilo lao, nauli isiyo sahihi, chakula ambacho hawakuagiza. Kuitikia kwa kichwa kulimgharimu kijana dakika nne za ziada na sifa yake.

Kukisia neno kuna ubaya mwingine hata pale mtu anapopatia. Msemaji alikuwa amefika karibu kulitoa. Ukimtolea, umemwambia kwamba kusubiri kumekushinda. Wengi wenye kigugumizi watakwambia heri wakwame sekunde 10 na waseme wenyewe. Wapo wachache wanaopenda kusaidiwa na watu wa karibu, na hao huwa wamesema. Kama hujaambiwa, usijaze.

Yule mtoto

Wakati wote huo mtoto alikuwa anamwangalia kijana mdomoni. Akamuuliza mama yake kwa sauti, "Mbona kaka haongei?" Mama alimfinya mkono na kumwambia anyamaze.

Jambo dogo, lakini ndivyo maoni ya msikilizaji wa kesho yanavyotengenezwa. Mtoto aliuliza swali sahihi. Jibu alilopata lilimfundisha kwamba alichokiona ni aibu isiyotajwa, na ndani ya mwaka mmoja atakuwa na maelezo yake kutoka kwa wenzake: kwamba ukimwigiza mwenye kigugumizi nawe kitakuingia, kwamba alitekenywa sana alipokuwa mchanga, kwamba ulimi wake umefungwa na ungekatwa ungefunguka. Hili la mwisho lilishajaribiwa kwa kisu: mwaka 1841 daktari mpasuaji wa Berlin, Johann Dieffenbach, alikata ndimi za wagonjwa akitaka kuponya kigugumizi, na haikusaidia. Ulimi wa mwenye kigugumizi hauna kasoro; anaweza kuimba kwayani mwanzo hadi mwisho, kusali pamoja na wenzake bila kukwama, kuongea na mbuzi zake vizuri kabisa. Kuimba na kusema kwa pamoja hukipunguza sana. Ndiyo maana pia mtu husikika ameteleza vizuri Jumapili na kukwama Jumatatu, na majirani wakasema anajifanya.

Mama angeweza kusema, kwa sauti ya kawaida ambayo hata kijana angeisikia bila kuumia: "Anaongea, neno limekwama kidogo, linakuja."

Macho

Kuna jambo lililotokea pande zote mbili na hakuna aliyelisema. Kijana alifumba macho. Karani aliangalia daftari. Foleni iliangalia chini.

Majaribio yaliyopima macho ya watu wanaotazama video za wenye kigugumizi yalionyesha kwamba kigugumizi kinapotokea, macho huhama kutoka kwenye macho ya msemaji. Majaribio mengine yalipima mwili wenyewe: ngozi ya mtazamaji hutoa jasho zaidi na mapigo ya moyo hupungua kasi. Yaani usumbufu wa msikilizaji ni wa kweli na huja wenyewe, wala si ishara ya roho mbaya. Ila msemaji akifungua macho na kukuta watu wote wanaangalia pembeni, anasoma dharau au kuchoka. Na karani akimwona kijana amefumba macho, anasoma mtu asiyetaka kutazamwa usoni. Kila mmoja amemtafsiri mwenzake kwa kitu ambacho mwenzake hakukichagua.

Unaloweza kuchagua ni lifuatalo. Mwili ukishtuka, rudisha macho pale yalipokuwa kabla neno halijakwama, si kwa kukodoa wala kwa kutabasamu kwa huruma. Endelea na sura ile ile uliyokuwa nayo aliposema "umetoka Dar jana".

Dirisha lile lile, kwa namna nyingine

Dodoma ya leo ni mji wa kutaja jina. Tangu serikali ilipoanza kuhamia rasmi mwaka 2016, mageti na madirisha yameongezeka: Mtumba kwenye ofisi za wizara, stesheni ya SGR, mapokezi ya hospitali, usaili wa ajira, usajili wa laini. Kila mahali swali la kwanza ni "jina?" na jibu linatarajiwa papo hapo. Kwa hiyo yanayofuata si ya stendi tu.

Tumwanzie karani. Abadilishe mpangilio wa maswali yake kwa wateja wote, asimtenge mmoja: "Umepata ujumbe wa mzigo? Nionyeshe," kisha kitambulisho, kisha apige namba iliyo kwenye mzigo. Upigaji wa namba hauchukui hata nusu dakika na ni uhakiki imara kuliko jina, ambalo yeyote anaweza kulisoma juu ya boksi kwa mbali. Mteja akikwama kwenye neno lolote, karani ahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kufungua mdomo. Kumi ni ndefu kuliko mikwamo mingi. Mingi huisha kabla ya tatu. Neno likitoka, ajibu kilichosemwa, asijibu namna kilivyosemwa. "Sawa, wa Dar, subiri kidogo," inatosha. Asipaze sauti wala kuongea silabi moja moja, maana kijana anasikia vizuri. Na asimgeukie aliyeongozana naye kuuliza "anaitwa nani huyu?"

Kosa ambalo karani mwenye nia njema hulifanya hapa ni kumsukumia karatasi: "andika tu." Kama mtu ameomba kalamu, mpe. Kama hajaomba, umemwambia asiseme.

Upande wa kijana, kuna kitu kimoja kilichochunguzwa vya kutosha kiasi cha kupendekezwa: kutaja kigugumizi mapema, kabla ya neno gumu. "Shikamoo mzee. Nina kigugumizi, jina langu litachukua muda kidogo." Wasikilizaji wanaoambiwa hivyo humwona msemaji kuwa anajiamini zaidi kuliko wanaoachwa wakisie, kwa sababu kimya kinachofuata kimeshapewa maana. Namna ya kusema ina uzito. Ikisemwa kama taarifa inafanya kazi; ikisemwa kwa kuomba radhi, "samahani sana naomba mnivumilie", faida yake hupungua, kwani imekubali kwamba kuna kosa. Na shikamoo ikiwa inakwama, bora ikwame. Shikamoo iliyovutwa sekunde tatu bado ni shikamoo, na mzee atasema marahaba.

Si haki kumwachia yeye mzigo wote, na wapo ambao sentensi hiyo yenyewe ndiyo hukwama. Baadhi ya hao huiandika kwenye simu kwa herufi kubwa na kuionyesha dirishani kabla ya kuulizwa, kisha huendelea kuzungumza kwa mdomo wao. Mkwamo bado unaweza kuwa wa sekunde 9, lakini safari hii hakuna atakayekuwa na sababu ya kuujaza kwa uongo.

Kinachotokea bila mabadiliko haya hakionekani dirishani. Mara ya pili kijana anamtuma mwanafunzi wake, kwa shilingi elfu mbili na nauli ya bajaji. Mara ya tatu anaagiza vioo kwa fundi mwingine wa mjini kwa bei ya juu, asiende stendi kabisa. Watu wanaomfahamu watasema yeye ni mpole, hapendi watu, kazi ya mikono ndiyo inayomfaa. Maoni ya msikilizaji yatakuwa yamejitengenezea ushahidi wake.

Simu ya karani

Limebaki jambo moja ambalo makarani huliuliza: mzigo umefika, unampigia mwenyewe, anapokea, halafu kimya. "Haloo? Haloo?" Unakata, unapiga tena, kimya, unaandika kwenye daftari kwamba hapatikani.

Kwenye simu mkwamo hauna uso, na neno la kwanza kabisa ndilo linalokwama. Mtandao ukikatika kwa kawaida husikii chochote, hata upepo. Mtu aliyekwama husikika mazingira yake, kelele za barabara, pumzi, mlio mdogo wa midomo. Ukisikia hayo, sema mara moja, "Nipo, nakusikiliza," kisha nyamaza uhesabu hadi kumi. "Haloo" za mfululizo humrudisha mwanzo kila mara. Akikata yeye, usimpigie papo hapo. Mtumie ujumbe wenye namba ya basi, saa ya kufunga dirisha na kiasi anachodaiwa kama kipo, na kwenye daftari andika "ametumiwa ujumbe".